Nakujua Kidogo

Mashine iliuliza swali lake kwa adabu, kama mhudumu wa mgahawa anayeuliza kama chai iwe na sukari.

"Seli ngeni zimepatikana. Nizifute?"

Subilaga alikuwa na kiazi kitamu mdomoni. Akaacha kutafuna. Siku nyingine angesema "futa" bila hata kumeza, maana seli ngeni hazikuwa habari mpya pale kazini: mara fundi amekuna kichwa juu ya sampuli, mara mtu amepiga chafya akidhani hajaonekana. Lakini jina lililokuwa linawaka juu ya kioo lilikuwa la mama yake mzazi, na hizo seli ngeni zilikuwa za kiume.

"Subiri," alisema.

"Nasubiri," mashine ikajibu.

Hapo ni Tukuyu, kwenye jengo jeupe lililojengwa pembeni mwa mashamba ya chai, ambalo kila mtu aliliita Shule. Jina lake halisi lilikuwa refu na ndani yake lilikuwa na neno "thaimasi", na hakuna mtu anayepanda kilima cha Tukuyu kwenye mvua mwenye pumzi ya kutamka neno kama hilo. Ikawa Shule. Na kwa kweli shule ilikuwepo, ila wanafunzi wake huwaoni kwa macho.

Thaimasi ni tezi inayokaa nyuma ya mfupa wa kifua. Mtoto huzaliwa nayo imenona, na humo ndani ndimo walinzi wa mwili wanamosomea. Ukibalehe inaanza kusinyaa. Ukifika miaka sitini imebaki mafuta matupu, kama shule iliyofungwa, madawati yameliwa na mchwa na popo wamehamia darasa la saba. Zamani watu waliishi hivyohivyo, wakilindwa na wazee waliohitimu enzi hizo. Kisha kikaja Kikohozi cha Masika, kinachobadili sura kila mwaka, na wale walinzi wazee wakawa wanakitazama kikipita mlangoni kama wanavyotazama vijana wa siku hizi: hawakielewi. Kila masika kikachukua bibi na babu. Ndipo watu wakajifunza kuotesha thaimasi mpya kwenye bakuli la kioo, kutoka kwenye ngozi ya mwenyewe, na kuipachika kifuani.

Kazi ya Subilaga ilikuwa kusimamia mitihani.

Mitihani ni miwili. Wa kwanza, mlinzi mwanafunzi anaulizwa kama anautambua mwili huu hata kidogo. Asiyeutambua kabisa hana faida, anaachwa afe. Wa pili ni mgumu zaidi. Kuta za thaimasi zinamwonyesha vipande vya kila kitu kilichomo mwilini, cha jicho, cha kongosho, cha ngozi ya unyayo, na yeyote anayekidaka kimojawapo na kukikaba kwa nguvu anaamriwa kufa palepale, kwa sababu huyo akitoka nje atakuja kumla mwenye nyumba. Hayo ndiyo yanaitwa maonyesho. Katika kila wanafunzi mia hufaulu watatu au wanne, na hakuna mzazi anayekuja kumfokea mwalimu mkuu. Subilaga, aliyeupita mtihani wa kidato cha nne kama mtu anayepita kwenye tundu la uzio, aliwaonea huruma sana siku zake za kwanza kazini.

Na kisichokuwepo kwenye maonyesho, walinzi watakaohitimu watakihesabu adui. Ndiyo maana mashine ilikuwa inauliza.

"Bado nasubiri," ilisema.

"Na wewe nawe!"

Mlango ukafunguka, akaingia Daktari Mwasomola, mkuu wa Shule, mtu mrefu mwenye kisauti chembamba kama amekiazima. Akatazama kioo, akamtazama Subilaga.

"Ulibadilishana zamu na Lwitiko ili umshughulikie mama yako."

"Ndiyo, Daktari."

"Ningefanya vilevile." Akavuta kiti. "Mama yako alizaa mtoto wa kiume?"

"Kaka yangu, Ambokile. Alifariki. Homa ya uti wa mgongo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na minne."

"Basi ndiye huyu."

Subilaga akameza kiazi chote kwa mkupuo. Kikapita kwa shida.

"Mtoto akiwa tumboni, seli zake chache hupenya kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mama," Daktari alisema. "Zinatafuta pa kukaa. Nyingine hukaa maisha yote. Hizi za buluu ni za kaka yako, ziko kwenye ini. Na hizi za njano, za kike, hapa kwenye bandama, ni zako."

"Yaani yeye kachukua ini, mimi nikapewa bandama?" Subilaga alisema. "Hata vitanda tuligawana hivyohivyo." Alicheka, lakini kicheko kilitoka peke yake, bila yeye.

Daktari akakuza picha. Kwenye ini palikuwa na njia ya buluu iliyopinda, kama mshono wa suruali ya shule. "Aliwahi kuugua ini?"

"Nikiwa kidato cha pili. Macho yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Hospitalini walituambia tumrudishe nyumbani tu, halafu akapona. Kanisani waliimba wiki nzima."

"Seli za kaka yako ndizo zilizoshona hapa. Ziligeuka zikawa ini." Akasogeza picha kidogo. "Na hili fundo unaliona? Hapa zimeanza kuongezeka bila mpangilio. Si saratani. Huenda isiwe kamwe. Huenda ikawa mwakani. Walinzi wake wa sasa wamechoka, hawaoni kitu. Hao wapya wataona."

"Na tukifuta?"

"Ambokile hatakuwepo kwenye maonyesho. Walinzi watahitimu bila kumjua, watamfagia. Fundo na mshono, vyote. Mama atapata homa kidogo, ini litajaza pengo lenyewe, atavuka masika salama."

"Tukimwacha?"

"Kila mlinzi ambaye angeweza kumgusa kaka yako atafia shuleni. Fundo likivimba, hakuna atakayelikemea."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Subilaga aliuliza lile ambalo hakutaka kuuliza. "Hao akina mama wengine. Huwa mnawaambia?"

Daktari alirudisha picha kwenye ukubwa wake. "Mashine huuliza, sisi tunajibu 'futa'. Ni sheria ya Shule, maonyesho ni ya mwenye mwili tu. Nilijiambia ni kama kufuta vumbi." Akasimama. "Wanafunzi wanaingia darasani Jumatatu. Ukisema 'futa' sasa hivi, mimi sijaona kitu. Ukitaka kumwambia mama yako, mwambie."

Akatoka, akamwacha Subilaga na mashine, nayo kwa bahati ilikuwa imejifunza kunyamaza.

*

Kwao, mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa linawekwa kabatini. Anaitwa kwa mtoto wa kwanza mpaka siku ya kuzikwa. Kwa hiyo mama yake alikuwa Mama Ambokile, dukani, kanisani, hata kwa wanaomdai mbegu za viazi.

Ambokile alipofariki, baada ya matanga, mashangazi walikaa kikao wakaamua kwa moyo mwema kabisa kwamba kidonda kisipoguswa kitapona upesi. Tangu siku hiyo akawa Mama Subilaga. Walimwita hivyo kwenye uzio, hakugeuka. Wakamwita gulioni, akapita kama upepo. Mchungaji akamwita kwa kipaza sauti mbele ya waumini wote, na yeye akaendelea kutafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Kabla mahindi hayajakomaa, kijiji kizima kilikuwa kimesalimu amri.

Subilaga aliyaona hayo akiwa na miaka tisa, akaelewa alichoelewa: kwamba yeye hatoshi kumpa mtu jina. Hakulia. Alianza utani. Mtu akimuuliza wewe ni nani hapa nyumbani, anajibu, "Mimi ni kaimu mtoto." Watu walicheka, yeye akacheka zaidi yao, na tangu hapo utani ukawa ndio nguo yake ya kazini na ya kanisani.

Ndiyo maana Jumamosi ile alipokuwa anapanda kwenda Katumba, huku videge vya umeme vikipita juu ya kichwa na magunia ya majani ya chai, alijua kabisa kwa nini ulimi ulikuwa unamwasha kusema 'futa'. Si kwa sababu ya afya ya mama tu. Akimwambia, mama atachagua. Na mama alikwisha kuchagua mara moja.

Alimkuta jikoni anamenya ndizi za mbalaga, maji yanachemka, maharage yapo tayari. Kile kigoda kifupi cha Ambokile kilikuwa mahali pake karibu na moto. Hakikaliwi na mtu. Hata paka alilijua hilo.

"Umekonda," mama alisema.

"Wiki iliyopita ulisema nimenenepa."

"Wiki iliyopita ulikuwa umenenepa. Chukua kisu."

Wakamenya. Subilaga alianza kwa mbali, kama mtu anayemvizia kuku.

"Mama, unakumbuka kile kibanda cha Ambokile? Nyuma ya jiko?"

Uso wa mama ulifunguka wote. "Cha majani ya migomba! Alinimalizia migomba yangu, mshenzi yule. Mfalme!"

"Na walinzi wake."

"Na mtihani wake!" Mama aliweka kisu chini ili acheke vizuri. "Anasimama mlangoni na sufuria kichwani, sufuria yangu ya uji: 'Wewe! Unanijua?' Mtoto akisema sikujui, nenda kwenu. Mtoto akisema nakujua sana, wewe Ambokile, rafiki yangu, nenda kwenu pia!"

"Alisema anayekujua sana ndiye atakayekupiga vizuri siku mkigombana."

"Kwa sababu ya Gwamaka. Walikuwa chanda na pete, mpaka walipogombania mpira. Gwamaka alijua hadi jino lake bovu liko upande gani. Akampiga hapohapo." Mama akafuta macho kwa kiwiko. "Kwa hiyo aliyeingia ni anayesema—"

"'Nakujua kidogo.'"

"Kidogo! Na wewe ukafeli."

"Nilikuwa na miaka mitano, mama. Nilimng'ang'ania mguu nikapiga kelele nakujua sana, nakujua sana. Akanifukuza mbele ya watoto wote."

"Ukalia mpaka ukatapika."

"Halafu akanifuata kwenye viazi akaninong'oneza jibu. Mimi ndiye mtu wa kwanza Rungwe kuvujishiwa mtihani na mfalme mwenyewe."

Walicheka wote wawili, na kwa muda mfupi jiko lilikuwa jiko la zamani kabisa, lenye moshi ule na watu watatu. Subilaga alitamani aishie hapo. Ale, aage, Jumatatu aseme neno moja.

"Mama," alisema, "hiyo tezi tunayokuwekea inafanya mtihani uleule. Hasa ule. Asiyekujua anafeli, anayekukaba kwa kukujua sana anafeli. Anatoka yule wa kidogo."

"Kumbe alikuwa na akili."

"Alikuwa nazo. Na bado yumo."

Mama alikuwa ameinua ndizi. Ikabaki hewani.

Subilaga akamweleza. Alieleza vibaya, akaruka mambo, akarudi nyuma. Alisema tumboni, alisema damu, alisema ule mwaka wa macho ya manjano na nani alishona. Alisema na fundo pia. Alipomaliza, mama aliuliza kwa sauti ya mtu ambaye mtoto wake amechelewa kurudi kutoka shule.

"Yuko wapi?"

"Kwenye ini."

Mama akaweka kiganja tumboni, upande wa kushoto. Subilaga akakishika, akakihamishia kulia, chini ya mbavu.

"Hapa."

Kikakaa hapo. Maji yalichemka yakamwagikia moto, hakuna aliyeyajali.

"Basi mwacheni," mama alisema hatimaye. "Wafundisheni hao walinzi kwamba huyu ni wa humu. Wewe si ndiye msimamizi?"

"Akianza fujo hakuna atakayemkemea, mama."

"Kwani mimi nilikuwa namkemea? Alivaa sufuria ya uji kichwani, nikamkemea?"

"Atakuua."

"Aliniponya."

"Mama, sikiliza—"

"Nimesikiliza. Miaka yote mnaniambia hayupo. Mchungaji, mashangazi zako. Leo unakuja na kisu changu mkononi unaniambia yupo, na hapohapo unataka nimtoe."

Subilaga alitafuta utani. Alipapasa kila mfuko, hakuna. Kilichotoka kilikuwa kitupu.

"Na mimi nitabaki na nani?"

Mama alimtazama. Kisha akainuka, akashughulika na sufuria, akaongeza maji ambayo hayakuhitajika. Mbalaga ikaiva. Walikula. Walizungumza bei ya parachichi.

*

Jumatatu mama alikuja Shule amevaa gauni la Pasaka. Mapokezini alikuwepo binti mgeni wa kazi, aliyeona jina la Subilaga kwenye kioo kama ndugu wa mgonjwa, akafikiri kwa haraka.

"Mama Subilaga!"

Mama alikuwa anatazama picha ya mlima ukutani.

"Mama Subilaga, karibu ndani!"

Mlima ule ulikuwa wa kupendeza sana, inaonekana.

"Mama Subilaga! Jamani, huyu mama masikio—"

"Mwite Mama Ambokile," Subilaga alisema kutoka mlangoni. Hakuonyesha chochote usoni. Alikuwa na mazoezi ya miaka ishirini na miwili.

"Mama Ambokile?"

"Abee!" mama akaitika, akainuka kama msichana.

Daktari Mwasomola aliwasha chombo cha kunasa sauti, akaeleza yale yale kwa upole na kwa mpangilio mzuri kuliko wa Subilaga. Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kioo.

"Ndiye huyu? Wa buluu?"

"Ndiye."

"Alipenda buluu," mama alisema, ingawa rangi zile zilichaguliwa na mashine. Alitazama ule mshono tangu mwanzo hadi mwisho, kidole kikifuata bila kugusa. "Kashona kama fundi. Na kushika sindano hakujua. Na hawa wa njano ni nani?"

"Mimi," Subilaga alisema.

Mama aligeuka. "Wewe? Na wewe umo?"

"Bandama. Chumba cha uani."

"Hukuniambia Jumamosi."

"Hukuuliza."

Mama alimtazama yule wa kwenye kioo, akamtazama wa kwenye koti jeupe. "Na wewe utafukuzwa?"

"Sote. Nusu yetu ni wewe, nusu ni baba. Walinzi wataiona ile nusu ya baba."

"Ona!" Mama alimgeukia Daktari kama anayepata shahidi aliyemtafuta muda mrefu. "Alikwenda Zambia akaniachia watoto wawili, na mpaka leo, hata ndani ya ini, mwenye kuleta fitina ni yeye!"

Daktari alikohoa kwenye kiganja.

"Ukifukuzwa utaumia?" mama alimuuliza Subilaga, kwa sauti nyingine.

"Mimi nipo huku nje, mama. Jumamosi nitakuja na ndizi."

Mama akakaa. Alishika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. "Nilifikiri jana kutwa. Mlilala tumbo moja, yeye kwanza, wewe baadaye. Mtu akihama chumba huacha kitu. Huenda kuna alichokuachia. Yumo kwako?"

Subilaga alikuwa ameliogopa swali hilo kuliko yote, kwa sababu hata yeye lilimjia. Jana yake, Shule ikiwa tupu, alijitoa damu mwenyewe akaiweka kwenye mashine, akakaa mbele yake huku anauma kucha.

Ilikuwa rahisi. Neno moja, ndiyo, na mama angemtoa kaka kwenye ini kwa amani, akijua amehamia kwa dada yake. Daktari asingesema kitu. Mashine haisemi isipoulizwa. Angekuwa amemwokoa mama, na zaidi ya hapo, kwa mara ya kwanza, angekuwa na kitu ambacho mama anakitaka.

"Nilimtafuta," alisema. "Nimekukuta wewe. Upo, seli zako, tangu nizaliwe. Yeye sikumwona." Alisogeza kiti karibu. "Ila nilitazama kijiko kimoja cha damu, mama. Mwili ni mkubwa. Sijui."

Mama alimchungulia usoni. Tangu utotoni Subilaga akidanganya huvuta sikio la kushoto. Mikono yote miwili ilikuwa wazi, mezani.

"Ungeweza kunidanganya."

"Ungejua."

"Ningejua," mama alikubali, na akatabasamu kidogo. Kisha akakigeukia kioo, na aliposema tena alikuwa kama anapiga soga na mtu wa jirani.

"Angekuwa na miaka thelathini na sita. Ana ndevu. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, bado amejikunja kwa mama yake, tena kwenye ini! Majirani wangesema nini? Wenzake wamejenga. Gwamaka ana watoto watano." Akafungua mkoba, akaufunga. "Mimi ndiye ninayemkaba. Kwenye huo mtihani wenu ningefeli asubuhi na mapema."

"Mama, hulazimiki leo—"

"Jumamosi uliniuliza kitu, nikakupa mgongo. Uliniuliza utabaki na nani. Nililala nalo. Sikupata jibu, Subilaga. Ndiyo maana nimevaa gauni hili, la kuagia mtu." Akainama kwenye chombo cha sauti, akapaza kama yuko kwenye mkutano wa kijiji. "Mimi, Mama Ambokile, ninasema mumwache aende. Ameshona, kazi yake imekwisha, namshukuru. Lakini jina langu msiliguse. Jina halipo kwenye ini."

"Seli ngeni," mashine ilisema. "Nizifute?"

"Usiseme kufuta," mama aliiambia. "Sema kusindikiza."

"Sijaelewa amri."

Daktari alitazama sakafu. Mama alitazama mwanawe. Basi ikabidi kaimu mtoto afanye kazi ya mtoto. Subilaga aliweka kiganja chake juu ya cha mama, kilichokuwa kimerudi chini ya mbavu, upande sahihi safari hii.

"Futa," alisema.

Zile za buluu zikazimika kwenye kioo. Na za njano.

*

Masika yalianza, na Kikohozi kikaja nayo na sura mpya kama kawaida yake. Thaimasi ya Mama Ambokile ilikuwa imeshika vizuri, uvimbe mdogo chini ya ngozi ya kifua, kama kokwa la parachichi. Wahitimu wa kwanza waliingia kwenye damu. Kwa siku kadhaa hakuna kilichotokea. Kisha mama akapiga simu.

"Jumamosi hii usije."

"Homa?"

"Kidogo. Na huku kulia kunawaka. Daktari alisema itakuwa hivi." Mvua ya Katumba ilisikika ndani ya simu. "Nina mtu ninayemsindikiza. Nataka niwe naye peke yangu."

Subilaga alisema sawa. Alikaa siku mbili akisimamia mitihani ya watu wengine. Tangu ile Jumatatu, akina mama wa Rungwe walikuwa wanaambiwa. Wengine walicheka, wengine waliomba waone, mmoja alikaa mbele ya kioo mpaka watu wa usafi wakaanza kupiga deki miguuni pake. Kila mashine ilipouliza, mtu mwenye mwili ndiye alijibu.

Jumamosi ilipofika alikwenda. Alipika mbalaga mwenyewe, vibaya kiasi, akaifunga kwenye bakuli na kitambaa, akapanda kilima na matope mpaka magotini. Nyuma ya jiko, pale palipokuwa na kibanda, migomba ilikuwa imesimama kimya inadondosha maji. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa ndani. Moshi ulitoka, kwa hiyo mtu yupo.

"Hodi!"

Kimya. Akagonga mlango kwa kiwiko.

"Hodi, mama!"

Kitu kilikwaruza sakafuni, kama kigoda kinachosogezwa na mtu aliyekuwa amekikalia. Hatua zikaja polepole mpaka mlangoni, zikasimama. Kisha sauti ya mama, nyembamba, imechoka, lakini ndani yake kuna kitu kinachojizuia kucheka, au kulia.

"Wewe! Unanijua?"

Subilaga alisimama kwenye mvua na bakuli lake la moto. Mtoto wa miaka mitano alipanda kooni akitaka kupiga kelele, sana, nakujua sana, na kung'ang'ania mguu wowote utakaopatikana. Alisubiri mpaka akashuka.

"Nakujua kidogo," alisema.

Komeo likavutwa.

"Pita," mama alisema. "Ndizi zisije zikapoa."